Kupiga Windows Upya Bila Kupoteza Faili Zako: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Wanaotaka kupiga Windows upya, yaani kuisakinisha tena, kwa mara ya kwanza huuliza maswali yale yale. Je, picha zangu zitabaki? Nikihamishia faili kwenye D zitakuwa salama? Nitahitaji kununua leseni nyingine? Kwa nini Wi-Fi imepotea baada ya kumaliza? Mwongozo huu unayajibu kwa kuifuata kazi yenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, na umeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye laptop yake, au kompyuta ya mezani ya duka, shule au ofisi ndogo, ambaye anataka kuifanya kazi hii kwa mikono yake mwenyewe. Nimeegemea Windows 11, kwa kuwa Microsoft iliacha kuitolea Windows 10 masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa hatua nyingi ni zile zile kwa matoleo yote mawili.

Utaona kwamba sehemu ya kunakili faili ni ndefu kuliko sehemu ya kusakinisha, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Windows iliyosakinishwa vibaya husakinishwa tena jioni hiyo hiyo, lakini picha za harusi, tasnifu ya mwanafunzi na hesabu za duka za miaka mitatu hazina mahali pa kupakuliwa tena.

Kabla ya kuamua

Hakikisha kwanza kwamba kupiga Windows upya ndiyo dawa ya tatizo lako. Kompyuta ikiwa nzito, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili kufungua Task Manager, kisha uangalie safu ya diski (Disk). Ikiwa inakaa kwenye asilimia 100 kwa muda mrefu huku hufanyi kazi yoyote kubwa, na mashine yako bado inatumia diski ya zamani ya kuzunguka, basi kusakinisha upya kutakupa nafuu ya muda mfupi tu. Fedha utakazotumia kununua SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) ya GB 256 zitakusaidia zaidi, na Windows mpya utaiweka humo humo.

Angalia pia kama mashine inaikubali Windows 11. Inatakiwa RAM ya GB 4 au zaidi, diski ya GB 64 au zaidi, chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu isipokuwa chache sana. Laptop nyingi za mtumba zilizoko mitaani ni za kizazi cha nne hadi cha saba, kwa hiyo huishia nje ya orodha hiyo. Kwa mashine kama hizo napendekeza Linux Mint, mfumo mwingine unaochukua nafasi ya Windows, ambayo ni ya bure, inaendelea kupata masasisho ya usalama, na inaweza kuendeshwa kwa RAM ya GB 2 ingawa GB 4 ndizo zinazofaa. Usiende huko kama kazi yako inategemea programu ya Windows pekee, kwa mfano QuickBooks ya kusakinisha.

Vitu vya kuandaa

- Diski ya nje yenye nafasi kubwa kuliko jumla ya faili zako.
- Flashi tupu ya GB 8 au zaidi, ambayo itafutwa yote.
- Kompyuta nyingine inayofanya kazi, hata ya kuazima kwa saa chache. Utaihitaji kuhakiki nakala zako, na pia kutengeneza flashi iwapo yako haiwaki.
- Intaneti ya kutosha. Faili za kusakinisha Windows 11 zinazidi GB 5, na masasisho yatakayofuata huongeza GB kadhaa, kwa hiyo tafuta Wi-Fi ya ofisini au kifurushi cha usiku.
- Umeme wa uhakika. Laptop ijae chaji na ibaki kwenye chaja. Kompyuta ya mezani iwe kwenye UPS. Umeme ukikatika wakati partisheni (sehemu ambazo diski imegawanywa, kama C na D) zinaandikwa, utalazimika kuanza upya.
- Simu ya Android na kebo yake ya USB, maana ndiyo itakayokuwa intaneti yako Wi-Fi ikigoma.
- Daftari na kalamu. Nywila na namba utakazozihitaji usiziandike kwenye kompyuta ile ile unayokwenda kuifuta.

Kuwa mwangalifu sana unaponunua flashi na diski za nje. Kuna zinazouzwa kwa bei ya chini mno zikiwa zimeandikwa TB 2, ilhali ndani zina GB 32 au pungufu. Kibaya zaidi ni kwamba hazilalamiki: zinapokea faili zote, majina yanaonekana, na unapokuja kuzifungua unakuta picha za kijivu na hati zilizoharibika. Programu ya bure iitwayo H2testw huijaza flashi kwa data ya majaribio kisha huisoma upya, na kwa njia hiyo hujua ukubwa wake wa kweli. Ifanyie jaribio hilo kila diski mpya kabla ya kuikabidhi faili zako.

Sehemu ya kwanza: kunakili faili

1. Chunguza kama diski imefungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayofanya data isisomeke bila ufunguo. Bofya kitufe cha Windows, andika cmd (dirisha la kuandikia amri), ifungue kwa haki za msimamizi (Run as administrator), kisha andika:

manage-bde -status

Partisheni yoyote inayoonyesha kwamba ulinzi umewashwa ina ufunguo wake wa dharura wenye tarakimu 48. Kuupata, andika amri ifuatayo, ukibadilisha herufi kwa kila partisheni:

manage-bde -protectors -get C:

Ziandike tarakimu zote 48 daftarini, kisha uzisome tena mojamoja. Wengi hudhani ufunguo wa C hauna maana kwa kuwa C itafutwa, wakasahau kwamba D nayo imefungwa na ilikuwa ikifunguka yenyewe kwa sababu Windows ya zamani iliujua ufunguo wake. Windows mpya haitaujua. Kama uliwahi kuingia kwa akaunti ya Microsoft, huenda ufunguo umehifadhiwa pia kwenye akaunti hiyo, lakini hilo lisikuzuie kuuandika.

2. Onyesha faili zilizofichwa. Katika dirisha la faili nenda kwenye menyu ya View, kisha Show, kisha Hidden items. Ukikuta flashi yako ya zamani ina folda zenye kishale kidogo pembeni na ukubwa wa KB 1 au 2, usizibofye. Hao ni virusi vya shotikati vilivyoficha folda halisi. Kama flashi hiyo ni F, amri hii hurudisha folda zako zionekane:

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

Zikishaonekana, futa zile shotikati bandia na uikague flashi yote kwa Windows Security kabla ya kunakili chochote.

3. Kagua OneDrive. Kwenye Windows 11, folda za Desktop na Documents mara nyingi huwa zimehamishiwa ndani ya OneDrive bila mwenyewe kujua. Faili yenye alama ya wingu ipo kwenye mtandao tu, haipo kwenye diski. Bofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uchague Always keep on this device, kisha usubiri hadi alama zote zigeuke kuwa tiki ya kijani. Kumbuka kwamba nafasi ya bure ya OneDrive ni GB 5 tu. Ikijaa, faili mpya huacha kupanda, na ujumbe wa kukujulisha ni rahisi kuupuuza.

4. Toa data iliyo ndani ya programu. Hapa ndipo watu wa maduka na ofisi hupata hasara kubwa. Programu za uhasibu, za mauzo na za matokeo ya wanafunzi huhifadhi data mahali pake zenyewe, mara nyingi nje ya Documents, kwa hiyo kunakili folda zako za kawaida hakuzigusi kabisa. Fungua kila programu na utumie amri yake yenyewe ya kutengeneza nakala, uelekeze nakala hiyo kwenye diski ya nje. Faili kuu ya QuickBooks huishia na .QBW, na nakala yake na .QBB; zitafute kwa jina hilo kwenye C nzima, maana huwa zipo zaidi ya moja na ya zamani hufanana jina na mpya. Barua pepe za Outlook zilizo kwenye faili za .pst zitafute kwa njia hiyo hiyo.

5. Okoa vitu vya kivinjari. Ukitumia Chrome au Edge huku umeingia kwa akaunti, hakikisha usawazishaji umewashwa na kwamba nywila ya akaunti hiyo unaikumbuka. Kama hutumii akaunti, hamisha alamisho (bookmarks) kwenda kwenye faili. Nywila pia zinaweza kuhamishwa, lakini faili itakayotoka inasomeka na yeyote atakayeifungua, kwa hiyo ifute mara tu utakapomaliza kuirudisha.

6. Nakili folda yako nzima ya mtumiaji. Kuburuta folda kwa kipanya kunatosha kwa faili chache, lakini kwa GB nyingi napendelea amri ya robocopy iliyomo ndani ya Windows, kwa sababu inatoa hesabu mwishoni. Tuseme jina la folda yako ni Asha na diski ya nje ni E. Funga programu zote, fungua cmd kwa haki za msimamizi, kisha uandike kwa mstari mmoja:

robocopy C:\Users\Asha E:\Nakala\Asha /E /XJ /R:1 /W:1 /XD AppData /XF NTUSER.DAT* /LOG:E:\ripoti.txt

Usiiondoe sehemu ya /R:1 na /W:1. Bila hiyo, robocopy ikikutana na faili isiyosomeka hujaribu tena hadi mara milioni moja, ikisubiri sekunde 30 kila mara, na utadhani kompyuta imeganda. Skrini haitaonyesha kitu wakati kazi inaendelea, kwa sababu kila kitu kinaandikwa kwenye ripoti. Flashi ya bei nafuu inayoandika MB 10 kwa sekunde itachukua karibu saa tatu kwa GB 100, kwa hiyo panga muda wako.

Kazi ikiisha, fungua ripoti.txt na uende chini kabisa. Utakuta jedwali dogo lenye safu za Total, Copied, Skipped, Mismatch, FAILED na Extras. Soma safu ya FAILED kwenye mstari wa Files. Ikiwa ni 0, kila faili imevuka. Ikiwa ni namba nyingine, tafuta neno ERROR ndani ya ripoti hiyo hiyo. Litakuonyesha jina kamili la kila faili iliyobaki, ili uinakili mwenyewe au uamue kwamba haina thamani.

7. Nakili vilivyo nje ya folda yako: folda za watumiaji wengine wa kompyuta hiyo, folda ya Public, folda zilizoundwa moja kwa moja kwenye C, na D yote. Nisisitize kuhusu D. Katika laptop nyingi, C na D ni sehemu mbili za diski moja. Kuhamishia faili kwenye D kunazikinga na ufutaji wa C tu; hakuzikingi na diski kufa, wala na kidole kilichoteleza kwenye skrini ya partisheni ambayo utakutana nayo baadaye.

8. Hakiki nakala kwenye kompyuta nyingine. Chomoa diski ya nje kwa utaratibu, ichomeke kwenye kompyuta ya kuazima, na ufungue faili zenyewe badala ya kutazama majina tu. Fungua picha za mwaka wa zamani zaidi na za mwezi huu, video moja hadi mwisho, hati ya Word, jedwali la Excel. Nakala ya programu ya uhasibu ijaribu kuirejesha kama kompyuta hiyo ina programu hiyo. Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na kwa maoni yangu mtu asiyekuwa na muda wa kuifanya leo ni afadhali aahirishe kusakinisha hadi kesho. Faili ambazo huwezi kabisa kuzikosa ziwe na nakala ya pili mahali pengine, kwa mfano Google Drive, ambayo hutoa GB 15 za bure.

9. Andika taarifa za mashine. Nenda Settings, System, About, uandike daftarini kama Windows yako ni Home au Pro. Andika pia modeli kamili ya kompyuta, kisha ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji na upakue draiva (programu ndogo inayoiwezesha Windows kutumia kifaa) ya Wi-Fi ya modeli hiyo, uiweke kwenye diski ya nje.

10. Ipe D jina. Kama unayo partisheni ya D, bofya kwa kitufe cha kulia, chagua Rename, uiite DATA. Jina hilo litaonekana wakati wa kusakinisha, nalo litakusaidia kutoifuta kwa bahati mbaya.

Sehemu ya pili: kutengeneza flashi

11. Kwenye kompyuta inayofanya kazi, nenda microsoft.com/software-download/windows11 na upakue Media Creation Tool. Usichukue Windows kutoka kwenye tovuti nyingine yoyote, wala usitumie ile iliyokwisha kuchanganywa na kraki, kwani hujui ni nini kingine kimewekwa ndani yake.

12. Chomeka flashi, fungua programu hiyo, chagua USB flash drive, na uchague flashi yako kwa kuangalia ukubwa wake. Chomoa diski ya nje yenye nakala kabla ya hatua hii, ili isiwezekane kuichagua kwa makosa.

Sehemu ya tatu: kusakinisha

13. Zima kompyuta, uchomoe kila kitu cha USB isipokuwa flashi, kibodi na kipanya. Diski yenye nakala iwe kabatini.

14. Washa huku ukigonga kitufe cha menyu ya kuwashia. Kwa HP ni Esc kisha F9. Dell, Lenovo na Toshiba nyingi ni F12. Laptop za Asus ni Esc. Acer ni F12, ingawa huenda ukalazimika kuiruhusu kwanza ndani ya bayosi (BIOS), yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka. Flashi ikionekana mara mbili, chagua mstari wenye neno UEFI.

15. Chagua lugha na kibodi ya US, kisha uendelee. Matoleo mapya ya Windows 11 hukutaka uweke tiki kukubali kwamba kila kitu kitafutwa. Usiogope, hapo bado hakijafutwa chochote. Uamuzi wenyewe unakuja kwenye skrini ya partisheni. Kwa matoleo ya awali utachagua Custom badala ya Upgrade.

16. Ukiulizwa ufunguo wa leseni, bofya I don't have a product key. Kompyuta ambayo Windows yake ilikuwa halali ina leseni ya kidijitali iliyofungamana na ubao mama wake, na itajithibitisha yenyewe ikiunganishwa na intaneti. Sharti ni kuchagua toleo lile lile uliloandika daftarini. Aliyekuwa na Home akaweka Pro ataambiwa hana leseni.

17. Sasa umefika kwenye orodha ya partisheni, na hapa uache kila kitu kingine, usome polepole. Kwa laptop ya kawaida utaona Disk 0 ikiwa na mistari kama hii: Partition 1, System, MB 100; Partition 2, Reserved, MB 16; Partition 3, Primary, GB 120, ambayo ndiyo C; Partition 4, Recovery, MB mia kadhaa; na Partition 5: DATA, Primary, ambayo ndiyo D yako. Toleo la zamani huandika Drive badala ya Disk. Flashi yenyewe huonekana kama diski nyingine, na utaitambua kwa ukubwa wake.

Ikiwa una D unayotaka ibaki, chagua mstari wa C peke yake, bofya Format, thibitisha, kisha Next. Usiguse mistari mingine. Ikiwa diski nzima ni C peke yake, bila D, na nakala zako zimehakikiwa, futa mistari yote ya Disk 0 mmoja mmoja kwa Delete hadi ibaki nafasi moja iliyoandikwa Unallocated Space, uichague na ubofye Next. Windows itatengeneza partisheni inazozihitaji yenyewe. Ikiwa mashine ina diski mbili, SSD na ya kuzunguka, usibofye chochote kabla hujajua kwa ukubwa ipi ni ipi.

18. Subiri. Kompyuta itajizima na kuwaka mara kadhaa. Inapojiwasha mara ya kwanza usibonyeze kitufe chochote hata ukiambiwa ubonyeze ili kuanza kutoka kwenye flashi.

19. Chagua nchi, kibodi na mtandao, kisha uingie kwa akaunti ya Microsoft. Windows 11 hudai intaneti hapa. Wi-Fi isipoonekana, unganisha simu kwa kebo na uwashe USB tethering kwenye mipangilio ya simu. Mara nyingi kompyuta huipokea bila draiva ya ziada.

Sehemu ya nne: kuirudisha kompyuta kazini

20. Kama unatumia kifurushi cha simu, uweke mtandao huo kuwa Metered connection kwenye mipangilio yake, ili masasisho yasimalize kifurushi kwa dakika chache. Ukipata intaneti nzuri, uondoe mpangilio huo, uendeshe Windows Update hadi isibaki kitu, na uangalie Optional updates kwa draiva zilizokosekana.

21. Nenda Settings, System, Activation, uthibitishe kwamba leseni imetambuliwa. Kisha angalia Device encryption, yaani ufungaji wa diski wa aina ya BitLocker: kwa matoleo mapya, kusakinisha upya na kuingia kwa akaunti ya Microsoft huweza kuiwasha yenyewe. Rudia hatua ya 1 na uandike ufunguo mpya, maana ule wa zamani wa C haufai tena.

22. Chomeka diski ya nje, uikague yote kwa Windows Security, ndipo unakili faili zako kuzirudisha. Programu zisakinishwe upya kutoka kwa watengenezaji wake. Usirudishe folda zake za zamani. Nakala iliyo kwenye diski ya nje usiifute hata baada ya kumaliza. Iache kama ilivyo kwa mwezi mmoja angalau, kwa sababu faili uliyoisahau huikumbuki hadi siku utakapoihitaji.

Matatizo na namna ya kuyatatua

*Flashi haionekani kwenye menyu ya kuwashia.* Jaribu tundu jingine la USB, kisha uzime kompyuta ukiwa umeshikilia Shift wakati wa kubofya Shut down, ili izimike kabisa. Ikishindikana, itengeneze flashi upya.

*Orodha ya partisheni ni tupu.* Hili hutokea sana kwa laptop za Intel za kizazi cha kumi na moja na kuendelea zenye mfumo wa VMD. Diski yako ni nzima. Windows imekosa draiva tu. Pakua draiva ya Intel RST kutoka kwa mtengenezaji wa laptop, ifungue kwenye folda ya kawaida ndani ya flashi, kisha ubofye Load driver na uielekeze humo.

*Inasema diski ina jedwali la MBR.* Umewasha flashi kwa mtindo wa UEFI ilhali diski ilipangwa kwa mtindo wa zamani. Kuibadilisha kwa kufuta partisheni zote kunaondoa na D, kwa hiyo usifanye hivyo mpaka D nayo iwe imenakiliwa na kuhakikiwa.

*Usakinishaji unaanza upya kila mara.* Kompyuta inaendelea kuwaka kutoka kwenye flashi. Ichomoe wakati inapojizima.

*Folda za D zinakataa kufunguka.* Zilikuwa mali ya mtumiaji wa Windows ya zamani. Bofya Continue ukiwa msimamizi na usubiri. Ikiwa D inadai tarakimu 48, ndio ule ufunguo wa hatua ya 1.

*Nimeshasakinisha, kumbe kuna folda sikuinakili.* Ikiwa hukufomati C, angalia C:\Windows.old\Users mara moja na unakili kilichomo, kwa kuwa Windows hulifuta folda hilo lenyewe baada ya muda. Ikiwa ulifomati, zima kompyuta sasa hivi, kwani kila dakika inayowaka inaandika juu ya faili zako. Kama ni diski ya kuzunguka, ichomoe, iunganishe kwenye kompyuta nyingine, ujaribu programu ya kuokoa faili iitwayo PhotoRec. Kwa SSD matumaini ni madogo sana, kwa sababu nafasi iliyofomatiwa husafishwa na diski yenyewe.

*Windows haiwaki kabisa na faili bado zimo ndani.* Usisakinishe kitu. Kwenye kompyuta nyingine tengeneza flashi ya Linux Mint kwa kutumia Rufus, programu ya kutengenezea flashi za kuwashia, iwashe laptop kwa flashi hiyo, na uiache ifanye kazi kutoka kwenye flashi bila kubofya aikoni ya kusakinisha. Ikishafunguka utaona diski ya ndani kwenye dirisha la faili. Chomeka diski ya nje, nakili folda yako iliyo ndani ya Users, na uhakiki kama katika hatua ya 8. Diski iliyofungwa kwa BitLocker itakutaka uweke ufunguo wake. Ukisikia diski inagongagonga, au nakala inakwama kila baada ya faili chache, anza na zile chache zisizo na mbadala, uache video na muziki mwisho. Kugonga huko kukizidi, izime na uipeleke kwa fundi anayeshughulikia kuokoa data, kabla ya kuijaribu mara nyingine.